Tutoke EAC? Sawa, Lakini Kwanza Uliza Wazee wa Makongeni

Kila mwaka kuna wiki moja hivi ambapo Wakenya wote mtandaoni wanakubaliana kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ni upuzi na tutoke. 2025 wiki hizo zilikuwa tatu, na kusema ukweli kila moja ilikuwa na sababu.

Ya kwanza ilikuwa Mei. Martha Karua alitua Dar es Salaam tarehe 18 kufuatilia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, akarudishwa Nairobi kama mzigo uliokosa mwenyewe. Kesho yake Boniface Mwangi na Agather Atuhaire wa Uganda wakashikwa huko huko, na walipotoka wote wawili walisema waliteswa. Ya pili ilikuwa Julai, tarehe 28. Waziri wa biashara wa Tanzania, Selemani Jafo, alitoa amri ya kuzuia wageni kufanya biashara 15 ndogo ndogo: kutuma pesa kwa simu, kurekebisha simu, saluni, kusafisha nyumba, kutembeza watalii na kadhalika. Ukipatikana, faini inaanzia milioni 10 za huko ama ulale ndani hadi miezi sita. Ya tatu ilikuwa Oktoba. Bob Njagi na Nicholas Oyoo walipotelea Uganda kwa siku 38, halafu Museveni mwenyewe akasema kwenye redio kwamba walikuwa wamewekwa kwa friji. Kwa wiki hizo hizo akabonga pia kuhusu Bahari ya Hindi kama mtu anayedai plot ya babu yake.

So mse akiandika "tutoke EAC, hawa si ndugu" mi simcheki. Hasira naielewa.

Lakini wacha niwapeleke kinyozi kwanza. Siku ile amri ya Jafo ilitoka nilikuwa kwa kiti, Umoja, kichwa nusu. Mabeshte wawili kwa benchi walikuwa wamewaka: Watanzania wote warudishwe kwao, Waganda wafuate, hata hao wa njugu wa Burundi. Mmoja akasema Kenya ifanye amri kama hiyo hiyo, neno kwa neno. Sasa, jamaa anayeninyoa ni Mkongo. Congo iliingia EAC 2022. Na saluni iko kwa ile orodha ya Tanzania. Jamaa hakusema kitu, alizima tu mashine kidogo, akapuliza nywele, akaendelea. Wale wawili wamekuwa wakinyolewa na yeye miaka na hawakuona shida yoyote kwa walichokuwa wanasema.

Hapo ndipo nilianza kufuatilia hii stori vizuri, juu nilikuwa najua matusi ya pande zote lakini sikujua kutoka kwenyewe kunakaa aje.

Kumbe iko kwa mkataba. Kifungu cha 145 kinasema nchi mwanachama inaweza kujitoa, lakini lazima bunge lake lipitishe kwa theluthi mbili ya wabunge wote, halafu Katibu Mkuu wa Arusha apewe notisi ya miezi 12 kwa maandishi. Ndani ya hiyo miezi unaweza kubadilisha nia. Kwa bunge letu la wabunge 349, theluthi mbili ni 233. Hesabu kura zote ambazo umewahi kuona zikipigwa pale na uniambie ni lini mara ya mwisho watu 233 walikuwa ndani, achana na kukubaliana.

Na hata wakikubaliana, kupiga kelele na kutoka ni vitu viwili. Septemba 2013 wabunge wetu walipitisha hoja Kenya itoke kwa Mahakama ya Jinai ya Kimataifa, wakati kesi za Uhuru na Ruto zilikuwa moto. Mpaka leo tuko ndani. Burundi ndio walitoka kweli, 2017, bila makelele mengi.

Sasa hii EAC tushawahi kutoka, ama kusema vizuri, tushawahi kuivunja. Na ilivunjikia hapa kwetu Eastlands kuliko watu wanavyojua.

Jumuiya ya kwanza ilianza rasmi Desemba 1967, Kenya, Uganda na Tanzania. Haikuwa mikutano na bendera tu kama tunavyoiona leo. Ilikuwa jobo. Reli ilikuwa moja ya nchi tatu, bandari, posta, ndege. East African Airways ilikuwa na karakana yake Embakasi. Mtaa wa Muthurwa na Makongeni zilijengwa kwa ajili ya wafanyikazi wa reli, na hiyo reli haikuuliza kama wewe ni wa Kisumu, Tabora ama Soroti. Ukienda kwa wazee wa hizo mitaa leo, wengine wataanza kukutajia majirani kwa stesheni walizotoka kabla wakutajie kabila.

Halafu mambo yakaenda mrama. Idi Amin akachukua Uganda Januari 1971, Nyerere akakataa kukaa meza moja na yeye, na kwa sababu Jumuiya iliendeshwa na marais watatu, hakukuwa tena na mkutano wa kuamua kitu. Tanzania ilikuwa ya ujamaa, sisi tulikuwa wa kila mtu na pesa yake. Magazeti ya huko yakatuita manyang'au, na sisi tukawacheka kwamba hawana cha kula. Ukifikiria matusi ya X yalianza juzi, hapana, hii ni ya baba zetu. Juu ya hiyo kukawa na vita vya madeni: nani hajalipa shirika la ndege, nani amezuia pesa ya reli isivuke mpaka. Wanasiasa wa Nairobi waliona Kenya ndio inabeba wengine. Watu wa Dar na Kampala waliona viwanda vyote na makao makuu yamekaa Nairobi. Kila mtu alikuwa na hesabu yake na kila hesabu ilikuwa na ukweli kidogo, hiyo ndio ilifanya isisuluhishwe.

Januari 1977 ndege zikaacha kuruka. Kenya ikaanzisha Kenya Airways mwezi huo huo. Februari Tanzania ikafunga mpaka, magari ya utalii ya Kenya yakazuiliwa upande wa pili. Kufikia katikati ya mwaka Jumuiya ilikuwa imekufa. Kuna stori inayosimuliwa mpaka leo kwamba Charles Njonjo aliinua glasi ya shampeni kusherehekea. Mzee wa reli kule Makongeni sidhani alikuwa na glasi.

Mpaka ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Zaidi ya miaka sita. Kugawana mali, yaani mabehewa, ndege, majengo na madeni, kulimalizika Mei 1984 kule Arusha, na ilibidi waitwe mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht. Kenya ikabeba asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Unaona hizo namba unafikiri tulishinda. Lakini Watanzania na Waganda waliokuwa wanafanya kazi Nairobi walirudi kwao, na Wakenya waliokuwa Dar na Kampala wakarudi huku, wengine na watoto ambao hawakuwa wamewahi kuona hiyo "nyumbani". Kule Dar, wafanyikazi wa zamani wa Jumuiya walikuwa bado wanaandamana kudai malipo yao miaka ya 2000. Kazi iliisha 1977. Piga hesabu.

Jumuiya ya sasa ilisainiwa Novemba 1999, na ndio watu wanataka tutoke.

Hoja ya upande wa kutoka ambayo mi naikubali ni hii: sheria ziko na Tanzania haziheshimu. Soko la pamoja lilianza Julai 2010 na linasema mtu afanye kazi na biashara popote kulingana na yaliyokubaliwa, halafu mtu anaamka na orodha ya 15. 2017 walipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 za Wamasai wa Kenya na wakachoma vifaranga 6,400 pale Namanga. Vifaranga, bana. Na Arusha ilinyamaza.

Lakini tusijifanye watakatifu. Machi 2021 sisi ndio tulizuia mahindi ya Uganda na Tanzania ghafla, tukisema ni sumu ya kuvu, malori yakakwama mpakani. Kati ya 2019 na 2020 tulishika maziwa ya Uganda. Na Juni 2019 mbunge wa Starehe, Jaguar, ndiyo, Jaguar yule wa kuimba, alisimama akapatia wafanyabiashara wageni wa masoko ya Nairobi masaa 24, la sivyo watapigwa na kufukuzwa. Akashikwa nje ya bunge, serikali ikaruka maneno yake, bunge la Dodoma likawaka. Ukiweka maneno ya Jaguar na amri ya Jafo pamoja, tofauti ni kwamba moja iliandikwa vizuri.

Sasa doh. Uganda ndio mteja mkubwa zaidi wa Kenya barani Afrika. Hizo bidhaa hazitoki Karen. Sabuni, mafuta ya kupika, mabati, plastiki, zinatoka Industrial Area, na kila asubuhi saa kumi na mbili ukisimama Jogoo Road utaona nani anaenda kuzitengeneza, kwa miguu, na chakula kwa mfuko wa plastiki. Wengi ni wa kibarua. Malori ya Malaba yakipungua, meneja hafutwi. Getini wanaambiwa tu leo hakuna kazi, jaribu kesho.

Na upande wa kuingia ni vitunguu. Sehemu kubwa ya vitunguu vya Nairobi vinatoka Tanzania, na machungwa pia. Mama mboga wangu pale Mutindwa hana haja na siasa za Samia wala za Ruto. Yeye anajua tu kwamba Namanga ikiwa na shida, gunia linapanda na sisi tunaanza kuuliza kitunguu nusu. Oktoba 29, 2025, Tanzania ilipopiga kura na intaneti ikazimwa na mpaka ukachafuka, alikuwa amejua kabla mimi nione kwa simu.

Waingereza walipiga kura Juni 2016, asilimia 52 kwa 48, wakatoka Januari 2020. Wao wana pesa na bado iliwachukua miaka mitatu na nusu ya kugombana.

Kitu kingine hakiongelewi. Ile mahakama ya EAC ya Arusha, mtu wa kawaida anaweza kuishtaki serikali pale, ya kwake ama ya jirani, mradi apeleke kesi ndani ya miezi miwili. Boniface Mwangi na Agather Atuhaire walipeleka ya kwao Julai 2025. Inaenda polepole na hukumu zake serikali huzipuuza zikitaka, ukweli usemwe. Lakini tukitoka, Mkenya akiteswa Dar atashtaki wapi? Wale wanaosema tutoke kwa sababu ya mateso ya Mei na friji ya Oktoba wajibu hilo swali, juu mi nimelitafutia jibu na sioni.

Mi ningetaka kelele zetu ziende kwa wabunge wa EALA. Tunao tisa. Winnie Odinga unamjua, wengine nane taja kama uko poa. Hao ndio waliotakiwa kuuliza Tanzania kuhusu orodha ya 15, na wanalipwa kwa kazi hiyo.

Siku tano baada ya ile amri, Agosti 2, CHAN ilifunguliwa Dar es Salaam, Tanzania, Kenya na Uganda wenyeji pamoja. Wiki moja baadaye Harambee Stars ikapiga Morocco 1-0 Kasarani. Nilikuwa kinyozi tena, mechi iko kwa simu imeegemezwa kwa kioo, na wale mabeshte wawili wako kwa benchi ile ile. Goli lilipoingia, Mkongo alikuwa wa kwanza kuruka, mashine mkononi, na kuna kijana mpaka leo ana alama nyuma ya sikio.