Kiwele Kilichofungwa na Tangazo Lisilo na Uongo



Wiki chache zilizopita kijana mmoja alitujia baada ya sala ya Alasiri akiwa na simu mkononi. Alikuwa amepata kazi ya uwakala: kusambaza kwa simu picha na maneno ya kuyasifu maziwa ya kopo ya watoto wachanga, na kwa kila kopo lililonunuliwa kupitia kwake hulipwa kamisheni. Swali lake alikuwa amelitayarisha vizuri. "Sheikh, tangazo lote nimelisoma, hamna neno hata moja la uongo. Je, pato langu lina tatizo gani?"

Tulilisoma nasi. Ni kweli, uongo haukuwemo. Palikuwa na mtoto mnene anayecheka, mama aliyejistiri vizuri, na maneno machache kuhusu vitamini na madini. Tukamwomba atupe muda, kwani swali lake ni kongwe kuliko simu aliyoishika.

Katika vitabu vya fikihi, mlango wa biashara, imo habari ya mnyama aitwaye musarrat. Mtu anayetaka kumuuza mbuzi au ngamia wake humwacha siku kadhaa bila kumkamua, na pengine humfunga chuchu, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani kuwa maziwa yake ni mengi kila siku. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra, na kutolewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliikataza hila hiyo. Akampa mnunuzi hiari: akitaka ambakishe mnyama, akitaka amrudishe pamoja na pishi moja ya tende badala ya maziwa aliyoyakamua. Katika baadhi ya mapokezi hiari hiyo imewekewa muda wa siku tatu.

Msomaji azingatie kuwa muuzaji huyo hakutamka neno. Hakusema mbuzi wake anatoa vibaba vingapi. Kiwele ndicho kilichosema kwa niaba yake. Wala sheria haikumuuliza alisema nini. Ilitazama mnunuzi ameondoka sokoni akiamini nini, na ni nani aliyemfanya aamini hivyo.

Sasa tuyatazame maziwa ya kopo. Mwaka 1939, huko Singapore, daktari Cicely Williams alitoa hotuba kali. Huyu ndiye aliyeliingiza katika vitabu vya tiba jina la kwashiorkor, ambalo kwetu limekuwa kwashakoo, akilichukua kutoka lugha ya Waga wa Gold Coast, Ghana ya leo. Aliwaona watoto wakifa baada ya mama zao kushawishiwa kuacha kunyonyesha na kutumia maziwa ya kopo yaliyotiwa sukari, na akasema kuwa vifo vinavyotokana na ushawishi wa namna hiyo vihesabiwe kuwa ni mauaji. Wakati ule wachache walimsikiliza.

Miaka ya 1960 na 1970, uzazi ulipopungua Ulaya na Marekani, makampuni yaliongeza juhudi katika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Yaliajiri wanawake waliovaa sare nyeupe mfano wa wauguzi, wakiingia wodini na majumbani kutoa ushauri kwa mama waliojifungua. Mama aliiona sare akaiamini, naye hakuambiwa kuwa aliyeivaa analipwa na muuza maziwa.

Kisha likaja kopo la bure, na hapa tunaomba msomaji asiharakishe. Ziwa la mama hutoa maziwa kwa kadiri linavyonyonywa. Mtoto akipewa chupa wiki ya kwanza na ya pili, ziwa hupunguza, na pengine hukauka. Kopo la bure likiisha, mama hana tena hiari: hana budi kununua. Yule wa musarrat alikijaza kiwele ili auze. Hawa walilikausha ziwa ili wauze. Mama maskini akiyapima maziwa kama lebo inavyoagiza, kopo haliendi mbali, kwa hiyo huyazimua kwa maji ili yafike mwisho wa mwezi. Maji yenyewe yametoka kisimani au mtoni, na kuni za kuyachemsha ni za shida. Mtoto hudhoofu, huharisha, na wengi walikufa. Maelezo ya kutayarisha maziwa yaliandikwa vizuri juu ya kopo, wala hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kumuuzia mtu ambaye muuzaji alijua, au alikuwa na wajibu wa kujua, kuwa hawezi kuyafuata.

Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilitoa kijitabu kuhusu jambo hili. Kikundi cha wanaharakati huko Bern, Uswisi, kilikifasiri kwa Kijerumani na kukipa jina linaloituhumu kampuni ya Nestlé kuwa inaua watoto. Kampuni ikawashtaki kwa kashfa, na mwaka 1976 ikashinda. Wanaharakati walitozwa faini ya faranga 300 kila mmoja. Lakini hakimu huyohuyo aliiambia kampuni ibadilishe kabisa njia zake za kutangaza. Wanaosomea biashara huhesabu ushindi huu miongoni mwa hasara kubwa. Kesi iliyokusudiwa kuwanyamazisha watu wachache iliwapa wasikilizaji wa dunia nzima, na mwaka 1977 kususia bidhaa za kampuni hiyo kukaanza Marekani na kuenea.

Mwaka 1978 Seneti ya Marekani ikalichunguza suala hilo. Seneta Edward Kennedy alimbana mwakilishi wa kampuni: je, mna wajibu wa kujua maziwa yenu yanatumiwaje pasipo na maji safi? Akajibu kuwa wajibu huo hawawezi kuubeba. Turudi kwenye soko la Madina. Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono katika rundo la chakula na kukuta unyevu ndani, mwenye chakula alijitetea kuwa ni mvua. Hakuambiwa kuwa mvua haikunyesha. Aliulizwa kwa nini hakukiweka kilicholowa juu, watu wakione.

Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mwongozo wa kimataifa unaokataza kutangaza maziwa haya kwa umma na kuwapa mama sampuli za bure. Nchi 118 ziliunga mkono, moja ilipinga, nayo ni Marekani, na tatu hazikuegemea upande. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994 na Kenya ikapitisha sheria mwaka 2012. Mgomo ulisitishwa mwaka 1984 baada ya kampuni kuahidi kufuata mwongozo, ukarudi mwaka 1988 kwa madai kuwa makopo ya bure bado yanapelekwa hospitalini.

Leo ile sare nyeupe imehamia kwenye simu. Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022, iliyowahoji wazazi na wajawazito 8,500 katika nchi 8, zikiwemo Morocco, Bangladesh na Nigeria, ilionesha kuwa asilimia 51 walifikiwa na matangazo ya makampuni ya maziwa. Mengine huja kwa sura ya ushauri wa mama mwenzio, na mwingine hajui kabisa kuwa ametangaziwa. (Nasi wa kurasa za Ijumaa tusijisahau: matangazo husaidia kulipia karatasi tunayoiandikia.)

Hatusemi kuwa maziwa ya kopo ni haramu. Mama hufariki, mama huugua, daktari huagiza, na kopo likaokoa roho. Aya ya 233 ya Suratul Baqara, inayotaja miaka miwili ya kunyonyesha, yenyewe imeruhusu wazazi kumwachisha mtoto kabla kwa kuridhiana na kushauriana. Lakini mashauriano gani yatakuwepo ikiwa mmoja wa washauri analipwa kwa kila kopo, naye hasemi?

Kijana aliporudi tulimweleza hayo. Tukamwambia pato lile aliache, kwa sababu yeye ndiye kiwele. Akanyamaza, kisha akauliza kuhusu makopo aliyokwisha kuuza, kumi na moja kwa hesabu yake, na baadhi yamefunguliwa. Tulimwambia kuwa katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani hii tunayafuata, mnunuzi wa musarrat ana haki ya kurudisha. Basi awaendee mama wale mmoja mmoja, awaambie alikuwa akilipwa, na wanaotaka kurudisha awapokee. Yaliyofunguliwa, tulimshauri abebe hasara mwenyewe, ingawa masheikh wenzetu wanaweza kulitazama vingine. Tukamsisitiza awaambie pia waende kliniki, kwani mama ambaye maziwa yamepungua mara nyingi anaweza kuyarudisha kwa kumnyonyesha mtoto mara kwa mara, akisaidiwa na mkunga au muuguzi anayejua kazi hiyo, na asilikatishe kopo ghafla kabla ya hapo.

Mpaka tunaandika makala haya amekwisha kuwafikia wanne.