Ruaha Mkuu Haukaushwi na Jua Peke Yake

Kabla ya 1993, Mto Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima. Tangu hapo hukatika karibu kila kiangazi, viboko wakibanana kwenye madimbwi ya tope. Wafugaji ndio walioangushiwa jumba bovu, wakaondolewa kwenye ardhioevu ya Ihefu, unakopita mto huo, kuanzia 2006, lakini mto uliendelea kukauka. Chanzo kikubwa ni mifereji ya umwagiliaji ya bonde la Usangu, inayochepusha maji hata baada ya mpunga kuvunwa.

Wapo watakaosema mpunga ni riziki ya wakulima na chakula cha taifa. Ni kweli, na mashamba yasifungwe. Lakini mto huohuo hujaza bwawa la Mtera linalotupa umeme. Malango ya mifereji yafungwe baada ya mavuno, na vibali vya maji visimamiwe kikamilifu. Maji yasiyokuza mpunga hayamfai mkulima, mto unayahitaji.