Safu ya Afya: Prednisoloni Haikatwi Ghafla



Mwezi uliopita mama mmoja wa hapa Blacktown alituonyesha kichupa cha prednisoloni aliyoandikiwa kwa ajili ya maumivu ya viungo. Uso ulikuwa umemvimba, sukari imempanda, naye ameazimia kuitupa dawa siku ile ile. Tulimsihi aonane kwanza na daktari wake, na sababu ndiyo tunayoieleza leo.

Juu ya kila figo pana tezi ndogo itengenezayo kotisoli, homoni iuwezeshayo mwili kustahimili maradhi. Prednisoloni hufanya kazi mfano wa homoni hiyo. Mtu akiimeza kwa zaidi ya majuma matatu, tezi hizo huweza kulala. Dawa ikikatwa ghafla, mwili hukosa ya kidonge na ya kwake pia: mgonjwa hulegea, hutapika, shinikizo la damu hushuka, na maisha huwa hatarini. Ndiyo maana daktari hupunguza kipimo kidogo kidogo. Dawa ya siku chache, kama wapewayo watoto wenye pumu, kwa kawaida haihitaji kupunguzwa hivyo; ifuateni ilivyoandikwa.

Jambo la pili latuhusu hasa sisi tuliokulia nchi za joto. Mnyoo mdogo uitwao Strongyloides huingia kwa nyayo za atembeaye pekupeku, na huweza kukaa tumboni miongo mingi bila dalili. Prednisoloni ikidhoofisha kinga, mnyoo huo huzaliana, huenea mwilini na huweza kuua. Basi kabla ya kuanza dawa, mwelezeni daktari mlikozaliwa na mlikoishi, na muulizie kipimo cha damu. Ukionekana, hutibiwa kwa ivermektini. Mwelezeni pia kama mmewahi kuugua kifua kikuu au mna kisukari.

Vidonge humezwa asubuhi, pamoja na chakula. Msimgawie jirani, hata akilalamika maumivu yale yale. Mwenye nia ya kufunga Ramadhani ashauriane mapema na daktari.

Lugha isiwe kizuizi, wala mtoto asifanywe mkalimani wa maradhi ya mzazi wake. Huduma ya serikali ya ukalimani hupatikana usiku na mchana kwa simu 131 450. Kwa hali ya hatari, pigeni 000.

Mama yetu alikwenda, akakalimaniwa, na sasa kipimo chake chapunguzwa taratibu. Kichupa bado anacho.

Tukutane toleo lijalo, panapo majaaliwa.