Kelele za baa Kibamba: rungu liko kwa nani?

Mkazi wa Kibamba anayenyimwa usingizi na muziki wa baa huanzia kwa mtendaji wa mtaa. Mara nyingi huishia hapo.

Kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinasimamiwa na NEMC. Manispaa ya Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni, nayo ina uwezo wa kutunga sheria ndogo.

Kwa mtazamo wetu, rungu kubwa ni leseni ya vileo. NEMC haiwezi kukesha kila mtaa, lakini mwenye baa lazima arudi kuomba leseni. Malalamiko ya majirani yakipimwa hapo, sauti atapunguza mwenyewe.