Mashine igawanye parkingi, lakini sheria tuziweke sisi

Hapa kwetu Katoyi, nafasi ya kusimama barabarani hupatikana kwa kuelewana. Mwanamotari anamwomba mama muuza makala asogeze gunia. Mwenye chukudu anamwambia dereva wa lori: "Papa, uniachie dakika tano nishushe viazi." Anayekubaliwa anashusha mizigo. Anayekataliwa anazunguka, ao analipa kitu kidogo kwa mtu anayejifanya mwenye mahali.

Kuna wataalamu wanaotaka kazi hiyo ya kuelewana ifanywe na mashine. Dereva anaandika katika simu: nataka kusimama karibu na soko, saa moja, na siwezi kupita bei fulani. Programu yake inaongea na programu ya parkingi. Moja inaomba, nyingine inajibu: karibu kumejaa, lakini mita mia tatu mbele kuna nafasi ya bei ndogo. Zinapatana kwa sekunde chache, na dereva hapotezi mafuta akizunguka.

Mimi siikatai mashine hiyo. Inaweza kupunguza ugomvi na kuwanyima kazi wale wanaotoza feza bila karatasi. Lakini swali langu ni hili: ikiwa mashine inasikia feza tu, nani atabaki na barabara?

Tuangalie San Francisco, huko Marekani. Mwaka 2011 mji huo ulianza mpango wa SFpark: bei ilipanda penye msongamano na kushuka penye nafasi, ili madereva wasikose kabisa mahali. Mpango ulikuwa wa mji wenyewe. Mwaka 2014 kampuni ya MonkeyParking ilileta programu iliyomruhusu dereva kuuza kwa mnada nafasi ya barabarani aliyosimama. Dennis Herrera, mwanasheria wa mji, aliiamuru iache, kwa sababu barabara ya umma si mali ya mtu kuiuza.

Somo hilo linatuhusu. Katika komini yetu ya Karisimbi, wengi wanakula kutokana na ukingo wa barabara. Kati yao kuna familia zilizokimbia vita Masisi na Rutshuru, ambazo leo zinaishi kwa wenyeji. Baba anasukuma chukudu, mama anauza mboga chini. Katika mnada, mwenye jipu kubwa atawashinda kila siku, na mashine haitaona kosa lolote.

Kwa hiyo, kabla ya mashine yoyote kuletwa Goma, ninaomba mambo manne. Kwanza, bei iwe na kikomo. Pili, nafasi za ambulansi, za lori la maji na za kushushia mizigo ya soko zisiuzwe kamwe, na wauzaji wa chini watengewe mahali. Tatu, mwenye simu ndogo, asiye na intaneti, aweze kuomba nafasi kwa namba fupi, kama tunavyotuma feza kwa simu. Nne, feza zinazokusanywa zitangazwe kila mwezi, watu wajue zimetengeneza barabara gani.

Mambo haya hayangoji kompyuta. Viongozi wa avenue, wanamotari, wenye chukudu, mama wa soko na wawakilishi wa familia zilizohama wanaweza kukaa pamoja, wapime barabara, wapige rangi: hapa moto, hapa mizigo, hapa wauzaji. Kama umeme ukikatika, rangi itabaki inaonekana. Na siku mashine itakapokuja, itakuta sheria zetu zimeandikwa, itumikie hizo.

Wewe unayesimamisha moto ao kuweka beseni lako pembeni ya barabara, ungependa sheria gani iwe ya kwanza? Mtueleze, tutayasoma hewani.