Mama afunzwe kukamua maziwa kabla hajatoka wodini

KILA mwaka, kuanzia Agosti 1 hadi 7, dunia huadhimisha wiki ya unyonyeshaji. Mabango huangikwa kwenye malango ya hospitali, viongozi huhutubu, na kina mama hukumbushwa kwamba mtoto asipewe kitu kingine chochote, hata maji, hadi atimize miezi sita. Hakuna anayepinga hilo. Swali ninalouliza mimi, ambaye riziki yangu naipata kwa kupeleka omena na nguo za mitumba kutoka Busia hadi Tiira, ni hili: mama anayerudi sokoni au machimboni wiki ya tatu baada ya kujifungua atalitimizaje agizo hilo?

Kwa msomaji asiyeijua, Tiira ni kituo cha wachimbaji dhahabu upande wa Uganda, katika Wilaya ya Busia, si mbali na Busitema kwenye barabara kuu ya Tororo kwenda Jinja. Watu wake ni mchanganyiko. Utawakuta Wasamia, Wateso na Wapadhola, na pia waliorudi kutoka Nairobi, Kampala na hata Uarabuni baada ya mikataba yao kuisha. Kina mama huponda mawe, huteka maji, huosha mchanga na kuwapikia wachimbaji. Wengine hushinda mpakani wakibeba nyanya, mayai na nafaka. Kati yao sijaona mmoja mwenye likizo ya uzazi.

Sheria zipo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na ile ya Uganda ya mwaka 2006 inampa siku 60 za kazi. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Lakini mwajiri wa muuza nyanya ni nani? Hata katika Bunge la Kenya, mnamo Agosti 2019, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, Bi Zuleikha Hassan, aliamriwa kutoka ukumbini kwa sababu ya kuingia na mtoto wake wa miezi mitano. Ikiwa mbunge alikosa pa kumweka mtoto, sembuse mama anayevuka mpaka na kreti la mayai kichwani?

Ndiyo maana naonelea kwamba msaada wa maana kwa mama huyu unaweza kutolewa mahali pamoja tu, nako ni wodini, katika saa chache anazokaa humo. Afunzwe kukamua maziwa yake kwa mkono, na asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla muuguzi hajamwona akifanya hivyo.

Hili si wazo langu. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa hatua 10 ambazo kila hospitali ya uzazi inapaswa kuzifuata. Hatua ya tano ilisema mama aonyeshwe jinsi ya kunyonyesha, na jinsi ya kudumisha maziwa hata akitengana na mtoto wake. Hatua hizo zilirekebishwa mwaka 2018, lakini fundisho hilo halikuondolewa. Katika zote 10, nadhani ndiyo inayomhusu zaidi mwanamke wa mpakani, na ndiyo inayosahaulika kwa urahisi.

Inasahaulika kwa sababu wodi zimejaa. Uganda iliondoa ada katika hospitali za umma mwaka 2001, na Kenya ikafuta ada za kujifungua katika vituo vya umma mwaka 2013. Kina mama wakaja, nalo ni jambo jema, ila wauguzi hawakuongezeka kwa kiwango hicho. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24. Mpwa wangu hakufikisha. Alijifungua usiku katika hospitali moja ambayo sitaitaja, na kufikia alasiri alikuwa juu ya bodaboda na mtoto mkononi. Aliambiwa neno moja tu: "Mnyonyeshe miezi sita." Wiki ya nne alirudi kuuza vitunguu, naye nyanya ya mtoto, kwa huruma yake, akaanza kumkorogea uji mwepesi. Nilipomuuliza mpwa wangu kwa nini hakuacha maziwa nyumbani, alinitazama kama niliyesema jambo la aibu. "Shangazi, kwani hayo si ya ng'ombe tu?"

Basi na niseme wazi, maana huenda anayesoma hapa ana binti au mke nyumbani. Mama hunawa mikono kwa sabuni. Huweka kidole gumba juu ya sehemu nyeusi ya titi na vidole vingine chini yake, husukuma nyuma kuelekea kifuani, kisha hubana na kuachia. Hatelezeshi vidole juu ya ngozi. Mwanzoni hutoka matone, na siku mbili tatu za kwanza ni dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ambayo wazee wengine huamuru yamwagwe ilhali ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Maziwa yaliyokamuliwa huwekwa katika chombo safi chenye kifuniko. Yanakaa salama saa nne hivi mahali ambapo joto halizidi nyuzi 25. Jua letu la mchana hupita hapo, kwa hiyo yawekwe penye kivuli na ubaridi na yatumiwe mapema. Mtoto hunyweshwa kwa kikombe kidogo au kijiko, si kwa chupa, kwa kuwa chupa na nyonyo yake ni vigumu kusafisha. Mama mwenyewe hukamua tena akiwa sokoni, la sivyo titi hujaa, huuma, na maziwa hupungua.

Ujuzi huo huo humwokoa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, asiyeweza kunyonya. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa aina hiyo awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kutenganishwa naye. Hapo pia mama asiyejua kukamua atamlisha nini?

Sasa nigeuke kwa ndugu zetu wanaorudi. Mkoba wa anayetoka Uarabuni mara nyingi haukosi kopo la maziwa ya unga, zawadi ya mtoto mchanga. Nia ni njema. Lakini kopo likiisha hakuna fedha ya lingine, na maji ya kukorogea hutoka pale pale wachimbaji wanapooshea mchanga. Mwanzoni mwa mwaka 2006 Botswana, nchi iliyokuwa ikiwagawia maziwa ya unga bure kina mama wenye virusi vya Ukimwi, ilikumbwa na mvua kubwa na kuhara. Watoto wengi walifariki, na walioathirika zaidi ni wale ambao hawakuwa wakinyonya.

Nalitaja hilo kwa sababu mpaka huu, wenye malori na machimbo, umeonja Ukimwi kuliko maeneo mengi, na waliohama kabla ya 2010 waliondoka na ushauri wa zamani kwamba mwenye virusi, akimudu, asinyonyeshe. Ushauri ulibadilika mwaka huo. Leo mama anayemeza dawa zake kila siku anashauriwa kunyonyesha bila kuchanganya kitu kwa miezi sita, kisha aendelee huku akimpa mtoto chakula hadi mwaka mmoja au miwili. Muuguzi amweleze mama faraghani, na akiruhusiwa amweleze na nyanya ya mtoto, kwa sababu nyanya ndiye atakayebaki na kikombe.

Wodi zinazowapokea kina mama wa Tiira zina swali jingine la kuuliza: je, nyumbani wanachoma dhahabu? Zebaki inayotumika kukamatia vumbi la dhahabu hugeuka mvuke usioonekana inapochomwa. Humfikia mtoto tumboni kupitia kondo la nyuma, na kiasi fulani huingia katika maziwa. Uganda iliuridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2019, lakini mkataba haupuliziwi jikoni. Jawabu si kumwachisha mtoto titi. Jawabu ni mama asiishike zebaki wala kukaa karibu inapochomwa, na mumewe aambiwe asiichomee kwenye jiko la chakula.

Najua nitajibiwa kwamba wauguzi ni wachache. Ni kweli. Lakini somo hili halihitaji mashine wala daktari. Linaweza kuanza kliniki ya wajawazito, likionyeshwa kwa titi la kitambaa, na mama aliyekwisha kulea anaweza kuwafunza wenzake 10 kwa mara moja.

Kilichobaki ni kitabu cha kliniki. Mama wa Tiira huenda akajifungulia Masafu, Dabani, Tororo, au akavuka hadi Busia ya Kenya. Akirudi nyumbani, hospitali haijui aliko. Uganda ina wahudumu wa afya wa vijiji, na Kenya ilizindua wahamasishaji wake wa afya 100,000 mwaka 2023. Maafisa wa afya wa Busia zote mbili wangebadilishana orodha za simu za wahudumu hao, kijiji kwa kijiji, na muuguzi angeandika nambari moja katika kitabu cha mama kabla ya kumwaga. Wiki ya tatu, siku mama anapofunga mzigo wake kurudi sokoni, mhudumu huyo ndiye angepita kuuliza mtoto ameachiwa nini.