Tuwatafutie Vijana Wetu Walezi wa Elimu



Kila mwaka tunawaona vijana wetu wakimaliza kidato cha nne na alama nzuri za Fizikia na Kemia, kisha wanakwama. Hawakukosa akili, wamekosa mtu wa kumwuliza. Hapa chuoni tumezoea kukaa mbele ya maalim atusahihishe herufi moja moja. Mbona katika sayansi tunadhani kitabu peke yake kinatosha?

Tuchukue mfano wa Michael Faraday. Alizaliwa Uingereza mwaka 1791, mtoto wa mhunzi, akasoma kidogo tu, kisha akawekwa dukani kujifunza kujalidi vitabu. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kusikiliza mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy katika Royal Institution, jumuiya ya sayansi iliyoanzishwa London mwaka 1799. Faraday aliandika aliyoyasikia, akayajalidi kwa mkono wake, akampelekea Davy. Kabla ya hapo alikuwa amemwandikia rais wa Royal Society, asijibiwe. Davy alimjibu, lakini akamwambia nafasi hakuna, abaki na kazi yake. Mwaka 1813 nafasi ikapatikana, akaitwa kuwa msaidizi wa maabara. Mwaka 1831 akagundua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliosokotwa huzalisha umeme. Jenereta zetu zinatumia kanuni hiyohiyo.

Tunapata mafunzo matatu. Kwanza, alikwenda na kazi mkononi. Pili, kukataliwa hakukumvunja moyo. Tatu, mlezi naye ni binadamu: mwaka 1824 Davy huyohuyo alipinga Faraday asiingizwe Royal Society. Faraday akaingia, na wema wa mwalimu wake hakuusahau.

Wapo watakaosema kutafuta mlezi ni kujipendekeza, au ni kule kujuana kunakowanyima wengine haki. Hatukubali. Kujuana hukupa usichostahili. Mlezi hukusahihisha mpaka ustahili. Ndiyo maana tunahimiza vyama vya wataalamu, kama Chama cha Madaktari Tanzania, na vya wahandisi na wanahisabati. Katika mikutano ya aina hiyo wakubwa na wadogo wa fani hukutana, na mtoto asiye na mjomba ofisini naye hupata wa kumwuliza.

Enyi wazazi, mpeni kijana nauli ya mkutano mmoja, awe wa kike au wa kiume. Nanyi wanafunzi, nendeni na maswali mliyoyaandika. Mkipewa ushauri, ufanyieni kazi, kisha mrudi kueleza mlichokipata. Anayerudi ndiye anayekumbukwa.

Na mkishafika, mshikeni mkono anayefuata. Royal Institution ilianzisha mihadhara ya vijana mwaka 1825, na Faraday, yule mjalidi wa vitabu, aliiongoza mara 19.

Wabillahi tawfiq.